Lugha ya Jirani: Hotuba ya Kamati ya Elimu katika Maadhimisho ya Hekalu



   

Halmashauri ilipoiandaa ratiba ya maadhimisho haya, Kamati ya Elimu tuliombwa tuzungumzie faida za kujifunza lugha ya pili. Tulidhani ni mada nyepesi. Tukaketi tukaanza kuandika orodha: kazi, biashara, safari, akili ya mtoto. Orodha ilikuwa ikienda vizuri hadi mmoja wetu alipouliza, "Na msiba wa mpishi wetu, je? Huo hatuutaji?" Tukanyamaza wote. Tukatambua kwamba tusipoanza na habari hiyo, mengine yote tutakayosema yatakuwa ni maneno ya kujaza karatasi tu. Basi turuhusuni tuanze hapo, ingawa ni habari inayotuaibisha.

Wengi wenu mlimfahamu mzee yule. Mmekula khichdi yake na puri zake. Alipika katika jiko la hekalu hili miaka mingi, tangu baadhi yetu tukiwa watoto wa kubebwa. Kwao ni kusini, na lugha aliyolelewa nayo ni Kimakonde. Kiswahili alikipata shuleni, kisha akakikamilisha mjini. Kigujarati alijifunza humu humu jikoni, kwa kuwasikiliza kina mama waliokuja kusaidia kupika siku za sikukuu. Hakuna aliyemfundisha wala aliyemlipa kwa kujua. Alikijua kiasi cha kukitania. Alijua siku ya Ekadashi inaangukia lini na kwamba siku hiyo wali haupikwi, na watoto wetu walizoea kumsikia akiimba bhajan kwa sauti ya chini huku akisukuma chapati. Mtu huyo, ambaye sisi tulimwita kwa jina la kazi yake tu, alikuwa na lugha tatu.

Alipofariki tulikwenda msibani. Tulikuwa watu saba, tumevaa nguo nyeupe kama mila yetu inavyotaka. Tulipokewa kwa heshima kubwa, tukatandikiwa mkeka. Baada ya kitambo mzee wa familia akasema kwamba watu wa hekalu wamefika, na wafiwa wangefurahi kusikia neno kutoka kwao. Tukatazamana. Sote saba tumezaliwa nchi hii. Mkubwa wetu akasimama, akafungua kinywa, akakosa la kusema. Kiswahili alichokijua kilikuwa lete, ondoa, osha, haraka, bei gani, kesho njoo mapema. Maneno ya kuamuru na ya kupatana bei alikuwa nayo mengi, ila la kumwambia mjane hakuwa nalo hata moja. Mwishowe alizungumza kwa Kiingereza, na mjukuu wa marehemu, msichana wa sekondari, akaombwa atafsiri. Mtoto yule alisimama mbele ya watu akamfasiria bibi yake rambirambi zetu, machozi yakimtiririka.

Hakuna aliyetulaumu. Lakini njiani, tukirudi, mmoja wetu alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Miaka yote ile alituhudumia kwa lugha yetu. Leo ilikuwa zamu yetu, siku moja tu, na tumeshindwa." Siku chache baadaye tulimsimulia mama mmoja jirani yetu jambo hilo. Akasikitika, kisha akatwambia kwa upole, "Mngesema 'Makiwa' tu. Nao wangewajibu 'Tunayo.' Ingetosha." Neno moja, silabi tatu. Tuliishi hapa umri wetu wote bila kulijua.

Ndugu zetu, huo ndio uzito wa mada hii kwetu. Faida za lugha ya pili si jambo la vitabuni peke yake. Kuna siku katika maisha ambapo mtu huhitajika kusema jambo la utu, na siku hiyo lugha ya duka haimfai kitu.

Hapa lazima tuwe waadilifu. Wamo miongoni mwetu wanaozungumza Kiswahili fasaha kuliko wengi. Wale waliokulia Unguja, Pemba, Tanga na Lamu, na wale ambao babu zao walifungua maduka madogo bara, mbali na mji, walikipata Kiswahili kwa kuchezea uwanja mmoja na watoto wenzao. Upungufu umekuja kadiri tulivyojikusanya mijini, tukaishi kwenye majengo ya peke yetu, na kuwapeleka watoto kwenye shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo katika nyumba nyingi bibi anazungumza Kiswahili kizuri kuliko mjukuu wake. Hilo ni jambo la kutafakari, kwa maana kwa kawaida wageni hujua zaidi kadiri vizazi vinavyopita, lakini sisi tunajua kidogo zaidi.

Tena tumezoea kukiita Kiswahili "lugha yao". Tunaomba tulitazame neno hilo. Tanzania ina makabila na lugha zaidi ya 120. Mzee wetu wa jikoni alikuwa Mmakonde. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekikuza Kiswahili kuliko kiongozi mwingine yeyote, alikuwa Mzanaki, na lugha ya mama yake ilikuwa Kizanaki. Kwa wazee wengi wa nchi hii, Kiswahili kilikuwa lugha ya pili kama kinavyoweza kuwa kwetu. Mtu wa Newala akikutana na mtu wa Bukoba, kila mmoja ametoka nyumbani kwake akaja barazani, na baraza hiyo ni Kiswahili. Hakuna aliyemfuata mwenzake kwake, na hakuna aliyeibomoa nyumba yake ili afike. Mlango wa baraza hiyo haujapata kufungwa kwa ajili yetu. Sisi tulipita hapo, tukauza na kununua, tukaondoka bila kuketi.

Jambo la kushangaza ni kwamba maneno yetu yaliketi zamani. Tazameni maneno haya ya Kiswahili ambayo kila mtu huyatumia bila kufikiri: gari, pesa, laki, hundi, bima, chapa, gunia, godoro, gundi, bangili, chapati, bajia, achari. Yote yalivuka bahari kutoka lugha za Bara Hindi, yakiletwa na pepo za kaskazi na watu waliokuja kuuza nguo na kununua pembe na karafuu. Neno "bepari" ni mkubwa wa ukoo huo. Kwa Kigujarati mfanyabiashara ni "vepari". Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ihusuyo wafanyabiashara wa Venice, akaitoa mwaka 1969, aliipa jina Mabepari wa Venisi. Fikirini safari ya jambo hilo: Mzanaki anasoma Kiingereza cha mshairi wa Uingereza kuhusu watu wa Italia, anakiandika kwa Kiswahili, na neno analolichagua ni la Gujarat. Lugha haziogopani kama watu wanavyoogopana.

Na mkopo huo ulilipwa. Kigujarati tunachozungumza Afrika Mashariki kimejaa Kiswahili kiasi kwamba ndugu zetu wakija kutoka Rajkot au Ahmedabad hutuuliza tunasema nini. Kwetu kisu ni kisu, sufuria ni sufuria, fagio ni fagio. Na jamaa zetu walioondoka Afrika Mashariki wakahamia Leicester na London walibeba maneno hayo. Hadi leo katika mikahawa yao huko Uingereza mtu huagiza "mogo", yaani muhogo, na pengine hajui kwamba anazungumza Kiswahili. Basi swali letu si kama tutaziruhusu lugha hizi mbili zikutane. Zilikutana kabla hatujazaliwa. Swali ni kama sisi wenyewe tutakutana.

Tulipozungusha wazo la darasa la Kiswahili hapa hekaluni, baadhi ya wazee wetu walitupinga, na hoja yao ni nzito. Walituambia, "Watoto hawasomi tena Kigujarati. Sala za Kisanskriti wanazikariri kama kasuku. Kazi ya hekalu ni kulinda hivyo kwanza. Mwacha asili ni mtumwa." Tunawaheshimu wazee wetu, na uchungu wao ni uchungu wetu. Lakini tunaomba tuwakumbushe walivyofanya wakubwa wa dini na jamii yetu wenyewe.

Tulsidas alikijua Kisanskriti, lugha ya wasomi. Lakini alipoanza kuitunga Ramcharitmanas mwaka 1574, aliitunga kwa Kiawadhi, lugha iliyosemwa na watu wa kawaida wa nchi yake, ili habari za Rama zifike hata kwa mtu asiyeingia darasani. Dini haikupungua kwa kufanya hivyo. Iliingia katika nyumba za wakulima.

Swami Dayananda Saraswati, mwanzilishi wa Arya Samaj, alikuwa mtoto wa Tankara, Gujarat. Kwa miaka mingi alihubiri kwa Kisanskriti. Mwaka 1872 alikwenda Kolkata, na huko Keshub Chandra Sen akamshauri azungumze lugha ambayo watu wangeielewa. Dayananda alikuwa mtu mzima, msomi mwenye sifa, na angeweza kuona ushauri ule ni dharau. Aliupokea. Akajifunza Kihindi ukubwani, na kitabu chake kikuu, Satyarth Prakash, kilichotoka mwaka 1875, kimeandikwa kwa lugha hiyo aliyojifunza. Wale kati yetu wanaosema wamechelewa kujifunza lugha wamtazame Swami Dayananda.

Naye Mahatma Gandhi, tunayemfahamu sote, alipokuwa Afrika Kusini alihusika kuanzisha gazeti la Indian Opinion mwaka 1903, likatoka kwa Kigujarati, Kihindi, Kitamil na Kiingereza. Kwa kuwa wengi wa waliosimama pamoja naye katika mapambano walikuwa Watamil, alijitahidi kujifunza Kitamil, hata akiwa gerezani. Hakuwahi kuwa msemaji hodari wa lugha hiyo, lakini watu wale waliona kwamba amejitahidi. Na je, alikiacha Kigujarati? Hind Swaraj aliiandika kwa Kigujarati mwaka 1909, akiwa melini akirudi kutoka Uingereza. Habari za maisha yake vilevile aliziandika kwa Kigujarati. Mtu aliyejifunza lugha nyingi ndiye aliyeitumia lugha ya mama yake kwa kazi kubwa kuliko sisi tunaojivunia kuilinda.

Nasi hapa Afrika Mashariki hatukukosa mfano. Girdhari Lal Vidyarthi, aliyeanzisha gazeti la Colonial Times mjini Nairobi mwaka 1933, hakuridhika na wasomaji wa jamii yake tu. Alichapisha pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Alielewa kwamba mtu asiyesomeka na jirani yake hana haki ya kulalamika kwamba jirani hamwelewi.

Sasa tuwape vijana wetu hadithi, maana tumewachosha na historia. Katika Panchatantra, kitabu cha kale cha hekima kilichoandikwa kwa Kisanskriti, kuna kisa cha nyani aliyeishi juu ya mti wa jambu, ambao hapa tunauita mzambarau. Alifanya urafiki na mamba, akawa akimpa matunda. Siku moja mamba akamwalika kwake, akambeba mgongoni, na katikati ya maji akamwambia kwamba mkewe anataka kuula moyo wa nyani. Nyani akajibu kwa utulivu, "Rafiki yangu, mbona hukusema mapema? Moyo wangu nimeuacha mtini." Mamba akamrudisha, nyani akaruka juu ya mti, na urafiki ukaishia hapo.

Majirani zetu mnacheka, kwa sababu mmekijua kisa hiki tangu utotoni. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu Zanzibar, alikiandika kutoka vinywani mwa Waswahili na kukichapisha mwaka 1870, ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi. Huko mzambarau umekuwa mkuyu ulioinamia bahari, mamba amekuwa papa, na badala ya mke mwenye tamaa kuna sultani mgonjwa anayehitaji dawa. Na nyani anaposalimika, papa akirudi kumwita, hujibiwa kwa kisa cha punda asiye na moyo wala masikio, na punda huyo naye yumo ndani ya Panchatantra.

Kilifikaje? Tunajua kwamba katika karne ya 6 tabibu Burzoy wa Uajemi alikitafsiri kitabu hicho kwa Kipahlavi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Ama kisa chetu kilipita njia hiyo ya vitabu, ama kilivuka na mabaharia wa Kachchh na Gujarat waliokaa pwani hii kungoja pepo zigeuke. Kwa njia yoyote ile, kila mahali kisa kilipovuka mpaka palikuwa na mtu mwenye lugha mbili. Hatujui majina ya wengi wao. Alikuwa baharia, mama mlezi, mfanyabiashara, mpishi. Mtu huyo alisikia jambo zuri kwa lugha moja, akasema, "Ngoja niwaeleze na hawa." Na alipoeleza hakung'ang'ania mzambarau pale palipo na mkuyu. Bibi wa Kigujarati na bibi wa Kiswahili, nyumba zao zikiwa zimetazamana mtaa mmoja, wamewasimulia wajukuu wao kisa kimoja miaka yote hii, na hawakuwa na lugha ya kuambiana.

Kuna pia faida za mwili na akili, na wazee wetu wamependa sana habari hii. Mwaka 2013 watafiti wa Hyderabad, India, wakiongozwa na daktari Suvarna Alladi, walitoa matokeo ya kuchunguza wagonjwa 648 wa maradhi ya uzeeni yanayoondoa kumbukumbu. Waliona kwamba waliotumia lugha zaidi ya moja, dalili ziliwaanza wakiwa wamechelewa kwa takriban miaka 4 na nusu kuliko waliokuwa na lugha moja. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa watu ambao hawakuwahi kusoma shule. Wapo watafiti wengine ambao hawakuiona tofauti hiyo kwa watu waliowachunguza, kwa hiyo hatuwaahidi dawa. Lakini kichwa kinachotafuta neno katika makabati mawili kinafanya mazoezi, na mazoezi hayo hayana gharama.

Faida ambayo sisi wanakamati tumeionja wenyewe ni nyingine. Baada ya msiba ule, wanne kati yetu tulianza kujifunza kwa mwalimu mstaafu wa mtaa huu. Jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba tulianza kuielewa lugha yetu wenyewe. Mwalimu alitufundisha kwamba "shikamoo" asili yake ni "nashika miguu yako", na "moo" ni neno la zamani la miguu. Tukaduwaa. Watoto wetu kila siku ya Diwali huinama wakagusa miguu ya wazee kupata baraka. Tulilifanya jambo lile kwa mikono, majirani zetu wakalifanya kwa maneno, na hakuna aliyegundua kwamba ni heshima moja.

Jioni nyingine tulifika kwenye neno "sisi". Mwalimu akauliza, "Kwenu mnasemaje?" Tukajikuta tunatoa maneno mawili. Kigujarati kina "ame", yaani sisi bila wewe unayeambiwa, na kina "aapne", yaani sisi pamoja nawe. Mtoto wa miaka mitatu hazikosei. Akimwambia jirani "ame" tunakwenda hekaluni, jirani anajua hakualikwa. Akisema "aapne", jirani anatafuta viatu vyake. Tumeyatumia maneno hayo maisha yetu yote bila kuyatazama, mpaka mtu asiyejua Kigujarati alipotuuliza. Kiswahili kina "sisi" moja tu. Mwalimu akafikiri, akacheka, akasema, "Basi nyie mna bahati. Mnaweza kuchagua." Tulirudi nyumbani na neno hilo. Kweli tunaweza kuchagua, na kwa miaka mingi tumechagua "ame".

Ndugu zetu, hotuba isiyo na kazi ni upepo. Kamati inaleta mbele yenu mambo manne.

Kwanza, kila Jumamosi jioni, baada ya aarti, ukumbi wa hekalu uwe darasa la Kiswahili kwa watu wazima. Mwalimu atalipwa kama mwalimu mwingine yeyote, wala hatutamwomba afanye hisani. Hatutaanzia sokoni. Tutaanzia kwenye salamu, pole, hongera, makiwa, kumjulia hali mgonjwa, kumkaribisha mtoto aliyezaliwa.

Pili, darasa la Kigujarati la watoto, la Jumapili asubuhi, liimarishwe kwa vitabu na mwalimu wa kudumu, na liwe wazi kwa mtoto yeyote wa mtaa ambaye wazazi wake watapenda. Hofu ya wazee wetu ni ya kweli, nasi hatutaki kujenga chumba kimoja kwa matofali ya kingine. Mtoto anaweza kubeba lugha tatu. Mpishi wetu alizibeba huku akipika chakula cha watu 200.

Tatu, matangazo yote ya hekalu yatoke kwa Kigujarati, Kiswahili na Kiingereza, na siku za Diwali, Holi na Janmashtami awepo mtu wa kuwaeleza majirani kwa Kiswahili kinachotendeka na maana yake. Majirani zetu mmevumilia kengele zetu na fataki zetu miaka mingi. Mnayo haki ya kujua tunasherehekea nini.

Nne, na hili ni ombi tu: tusiwacheke wanaokosea. Watu wazima wengi hawajifunzi kwa sababu wanaogopa kuchekwa na watoto wao. Majirani, nanyi mtusahihishe bila kutuonea haya. Kuuliza si ujinga, na kusahihishwa si aibu. Aibu tulishaipata msibani.

Kabla hatujakaa, kuna jambo moja limebaki. Mjane wa mzee wetu amekubali mwaliko wetu, na yupo nasi jioni hii, safu ya mbele, pamoja na mjukuu wake aliyetutafsiria siku ile. Tunawaomba wajumbe saba tuliokwenda msibani tusimame. Mjukuu wetu, leo wewe kaa, hatutakuhitaji.

Bibi, shikamoo. Mumeo alitulisha, akatufundisha watoto, akatuvumilia. Aliijua lugha yetu nasi hatukuijua yake. Tulikuja kwako mikono mitupu, na leo tumechelewa sana, lakini tumekuja tena.

Makiwa.

 Mungu aubariki mtaa huu na wote waishio ndani yake. Om shanti.